Kayaki ya Kazini

Mimi ni mtoto wa Temeke. Bahari yangu ni pantoni ya Kigamboni, nimesimama, nimebanwa kati ya bodaboda na tenga la nyanya. Inanitosha kabisa. Sasa afisa utumishi wetu kaamka na lake: ofisi nzima twende Msasani Jumamosi tukajifunze kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya kupiga kafi, eti ushirikiano kazini umeshuka. Kilichoshuka ni posho, ila hiyo haina semina.

Tuwe pale saa nne asubuhi, kamili. Nani kaangalia maji? Hakuna. Na usiku wake mwezi ulikuwa mpevu! Mtoto yeyote wa Kunduchi angetuambia kwamba Dar siku za bamvua, saa nne asubuhi bahari imeshajiondokea, hadi jioni ndiyo utaiona imejaa. Tulikuta mchanga, majani ya baharini, na ngalawa zimekaa chini. Kwa hiyo somo la kwanza la kayaki likawa kuibeba. Ile ya watu wawili, plastiki nene. Usidanganywe na rangi ya chungwa, bega langu mpaka leo halipandi mkoba.

Njiani mwalimu anatusimulia kwamba chombo hiki asili yake ni watu wa kaskazini kwenye barafu, kama Wainuti wa Greenland, walikiunda kwa ngozi ya sili, mnyama wa baharini, wakiendea mawindo. Safi. Wenzetu walikuwa wanafuata kitoweo. Sisi tunafuata nini?

Tukafika majini, nikakaa. Naangalia chini naona matundu. Siyo ufa, matundu kabisa, yametobolewa kiwandani.

"Mwalimu, hiki kimetoboka."

"Hapana, bro, hayo ni ya kutolea maji."

"Na maji yanaingilia wapi?"

"Hapo hapo."

Basi, nikatulia kwenye maji yangu, nimelowa kama muhogo wa kuvundika.

Halafu ona nilivyopangwa. Mzito anakaa nyuma, aongoze. Mwepesi mbele, atoe mwendo. Mbele yangu wakamweka mhasibu. Huyu mama madai yangu ya safari ya Morogoro anayo tangu masika, na mwendo aliotoa baharini ndio ule ule. Anapiga kafi, anapumzika, anaangalia kucha. Kafi lenyewe lina vichwa viwili: kimoja kikiingia majini kulia, kingine kinapanda kushoto na kunimwagia chumvi machoni. Nikimwambia "dada, tupige pamoja," ananijibu bila kugeuka, "Nimeshaliona, nalifanyia kazi."

Akapita mzee na ngalawa yake, anatoka kuvua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnavua nini?"

"Hatuvui."

"Mnakwenda wapi?"

"Hapo mbele, halafu tunarudi."

"Aa. Mnalipwa."

"Tumelipa."

Mzee akamgeukia kijana wake: "Wapishe, hawa wana matatizo yao."

Chakula tulijilipia, kwa ahadi kwamba tutarejeshewa kwa risiti. Risiti yangu ilikuwa mfuko wa nyuma wa suruali, yaani mahali palipokuwa na maji kuliko ghuba yote ya Msasani. Jumatatu naipeleka dirishani, nimeianika usiku kucha, nimeipiga pasi. Mhasibu akavaa miwani, akaigeuza huku na huku, akaniangalia.

"Kaka, hii haisomeki. Imelowaje?"