Shirikisho la sayari halitawaliki kwa rimoti

Vijana wa Arusha wanaotunga hadithi ya Shirikisho la Sayari wamegawanyika. Je, baraza kuu liamue kwa wingi wa kura na sayari zote zitii, au kila sayari ijitawale, na ya pamoja yapite kwa kauli moja tu? Wengi wanataka wingi wa kura, na sishangai. Anayeishi jirani na makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ameshasikia sana jinsi nchi moja inavyoweza kukwamisha nyingine saba, kwa kuwa wakuu wa nchi huamua kwa kauli moja.

Lakini mtindo huo unaobezwa ndio unaofaa angani. Tuanze na Mars, jirani yetu. Ikiwa mbali kabisa, ujumbe wa redio huchukua dakika 22 hivi kufika, na jibu dakika 22 nyingine. Bomba la hewa likipasuka, utasubiri Arusha ikuruhusu kuziba? Tena kila baada ya miezi 26 hivi Jua huingia katikati, na kwa wiki mbili hivi wahandisi huacha kutuma amri kwa vyombo vilivyoko huko. Sasa nenda Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi zaidi baada ya Jua: kuuliza na kujibiwa ni zaidi ya miaka 8. Mbunge wa Afrika Mashariki ana muhula wa miaka 5! Aliyeuliza swali huenda ameshapoteza kiti, aliyejibu naye ameshastaafu, na sheria inawashukia watu ambao hawakuwa hata wapiga kura ilipopitishwa. Huo wingi ni wa nani?

Wapinzani wana hoja moja nzito: sayari inayojitawala yaweza kuonea watu wake na kusema msituingilie. Kweli. Ila dawa si lazima iwe majeshi. Katika kesi ya Katabazi, mwaka 2007, Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba Uganda ilikiuka utawala wa sheria, baada ya watu waliopewa dhamana kukamatwa upya na vyombo vya usalama. Mahakama hiyo haina askari hata mmoja. Basi majaji wa shirikisho wakae kila sayari, wasikilize kesi huko huko. Serikali itakayokaidi ipokonywe kiti barazani, hata kama barua ya kuipa taarifa itasafiri miaka 4 na ushei.