Programu ya muziki ikijifunga, ianze kukaguliwa draiva

Mtu akilalamika kwamba programu yake ya muziki inajifunga katikati ya kurekodi, ushauri anaopewa huwa ni uleule: ifute, isakinishe upya. Siupendi ushauri huu hata kidogo. Unammalizia mtu siku nzima, unamlazimisha kuanza upya na leseni za plagini (vipande vya ziada vya ala na athari za sauti vinavyoingizwa ndani ya programu), na mara nyingi ugonjwa unabaki palepale kwa sababu haukuwa ndani ya programu. Ulikuwa kwenye draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa; hapa ni ya kiolesura cha MIDI, kifaa kinachounganisha kinanda na kompyuta, na draiva haiguswi unapofuta programu.

MIDI yenyewe, lugha ambayo ala za muziki na kompyuta hupeana ujumbe wa noti, haina makuu. Ilizaliwa mwaka 1983 ikiwa na kebo ya pini tano, chaneli 16 na mwendo wa biti 31,250 kwa sekunde, na hadi leo kinanda cha enzi hizo kinaelewana na cha sasa. Balaa huanza pale ujumbe huo unapopitia USB kuingia kwenye kompyuta. Tangu mwaka 1999 kuna kanuni rasmi ya MIDI kupitia USB, na kifaa kinachoifuata hakihitaji draiva ya mtengenezaji: Windows, macOS na Linux zinakitambua zenyewe. Hata hivyo, kampuni nyingi ziliendelea kuuza violesura visivyofanya kazi bila draiva zao. Wakati mwingine sababu ni ya haki. Kiolesura chenye matundu mengi kinahitaji usahihi wa muda, na kwenye Windows mfumo wa zamani wa MIDI uliruhusu programu moja tu kushika tundu kwa wakati mmoja, kwa hiyo draiva maalumu iliondoa kikwazo hicho. Lakini kwa kifaa chenye tundu moja la kuingiza na moja la kutolea, sioni utetezi wowote.

Anayelipia uamuzi huo ni mnunuzi. Windows ya biti 64 haipokei kabisa draiva ya biti 32, na tangu Vista inadai draiva iwe na saini ya kidijitali. Kompyuta za Mac zenye chipu za Apple zinakutaka ushushe kiwango cha usalama kabla ya kuruhusu draiva za zamani zinazoingia kwenye kiini cha mfumo. Kampuni ikiamua kutoandika draiva mpya, kifaa kizima, taa zinawaka, matundu hayajalegea, kinakwenda jalalani kwa sababu ya faili moja. Hilo linaniudhi kuliko programu yoyote inayojifunga.

Sasa, programu yako ikijifunga, kwanza chomoa vifaa vyote vya MIDI na sauti, kisha uifungue. Ikifunguka vizuri, umeshapunguza nusu ya kazi: rudisha kifaa kimoja kimoja mpaka mhusika ajitokeze. Ikijifunga hata bila vifaa, geukia plagini. Katika programu nyingi plagini hukaa ndani ya mchakato uleule wa programu, hivyo plagini moja mbovu inaangusha nyumba nzima. Badili kwa muda jina la folda ya plagini ili programu isiione, ufungue tena.

Kisha soma ripoti. Wengi huifunga bila kuitupia jicho, na ndiyo yenye jibu. Kwenye Windows fungua Event Viewer, ingia kumbukumbu za Application, tafuta kosa la saa ileile programu ilipoanguka, uangalie mstari wa Faulting module name. Ukikuta jina la faili la draiva au la plagini, umepata pa kuanzia. Ila ukikuta ntdll.dll usikimbilie kuilaumu Windows. Faili hilo hutumiwa na kila programu, na mara nyingi ndipo kosa la mwingine linapojitokeza. Na kama ni kompyuta nzima iliyoanguka kwa skrini ya buluu, shuku draiva au kifaa chenyewe, maana programu ya kawaida peke yake haitakiwi kuweza kuangusha mfumo mzima.

Kuna hitilafu nyingine inayowatesa watu bure. Ukihamisha kiolesura kutoka tundu moja la USB kwenda jingine, Windows inaweza kukiandikisha kama kifaa kipya na kukipa jina lenye «2-» mbele. Programu inaendelea kusubiri jina la zamani, kinanda kinakaa kimya, na mtu anadhani kimeharibika. Fungua Device Manager, ruhusu vifaa vilivyofichwa vionekane, ufute vile vilivyofifia. Kwenye Mac kazi hiyo inafanyika ndani ya Audio MIDI Setup. Baada ya hapo kila kiolesura kiwe na tundu lake, kisihamehame.

Kuganda nako si lazima kuwe kosa la draiva. Programu ikipeleka noti kwenye kinanda, kinanda kikairudisha, programu ikaipeleka tena, mzunguko huo unaijaza ujumbe hadi inashindwa kuitika. Hapa dawa ni kutazama ujumbe wenyewe kwa MIDI-OX kwenye Windows, au aseqdump kwenye Linux. Usishtuke ukiona mistari inamiminika bila wewe kugusa kitu: saa ya MIDI, yaani ujumbe wa kuvilinganisha vifaa kasi, hutuma mapigo 24 kwa kila noti ya robo, yaani 48 kwa sekunde kwenye kasi ya noti 120 za robo kwa dakika. Kinachotakiwa kukushtua ni noti moja uliyoibonyeza mara moja ikijirudia bila kikomo.

Pia kuna programu inayoonekana imefungwa kumbe mchakato wake bado uko hai nyuma, umelishikilia tundu la MIDI. Ukifungua tena unaambiwa kifaa kinatumika. Maliza mchakato huo kwenye Task Manager, wala huna haja ya kuwasha upya kompyuta.

Ukishamjua mhusika na ni draiva, iondoe pamoja na mafaili yake, kifaa kikiwa kimechomolewa, ndipo usakinishe toleo linalolingana na mfumo wako. Kama toleo hilo halipo, jaribu kifaa hicho kwenye Linux kabla ya kukitupa, kwa sababu kiini chake kinatunza draiva za violesura vingi ambavyo watengenezaji wake walishavisahau. Na unapokwenda kununua kingine, swali la kwanza kwa muuzaji liwe kama kinafanya kazi bila draiva ya kampuni. Akisema hapana, mwombe akuonyeshe tarehe ya toleo la mwisho la draiva hiyo kabla hujatoa pesa.