Joto la uani si la hewa peke yake

Anayetaka kutandaza vitofali vya zege katika ua uliozungukwa na nyumba, mle Mji Mkongwe wa Bagamoyo, hukutana na rai mbili: akadirie kwanza joto kwa programu za kompyuta kama ENVI-met na SOLWEIG, au awasikilize tu wakaazi na mafundi. Wanaoikataa kompyuta wana hoja. Programu hizo zilibuniwa Ujerumani na Uswidi, na sifa za ukuta wa mawe ya matumbawe uliopakwa chokaa hutegemea thamani anazoziingiza mtumiaji. Akikisia vibaya, kompyuta itakosea pamoja naye, tena kwa nambari zenye desimali mbili.

Hata hivyo, wengi wanaozibeza hudhani kwamba kazi yake ni kubashiri joto la hewa, lile linalosomwa na kipimajoto kilichotundikwa kivulini. Kiini chake ni mionzi. Sakafu yenye nyuzi 60 za selsiasi hutoa takribani wati 660 za mionzi ya joto kwa kila mita ya mraba. Yenye nyuzi 35 hutoa takribani wati 485. Sehemu ya tofauti hiyo humfikia moja kwa moja aliyekalia mbuzi akikuna nazi, ilhali hewa inayomzunguka huenda imebadilika kidogo tu.

Tumezoea kwamba ua mwembamba wenye kuta ndefu ni kivuli, na kwa saa nyingi ndivyo ulivyo. Lakini Bagamoyo iko takribani nyuzi 6.4 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mapema Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri husimama utosini, na ukuta hata uwe wa ghorofa mbili hautii kivuli sakafuni. Usiku kuta zile zile hulibana anga linaloonekana kutoka chini, zikarudishiana joto, na zege lililoshiba jua likachelewa kupoa. Hesabu huweza kulinganisha sakafu ya zege, ya mchanga na ile yenye mwarobaini kabla ya shilingi kutumika; uzoefu wa ua ambao haujajengwa hana mtu.

Tupime, basi? Naam, ila kipimajoto cha kulenga kama bastola, kikielekezwa kwenye bati jipya linalong'aa, husoma chini ya ukweli, kwa kuwa bati hilo hutoa mionzi kidogo na kuakisi ya anga (wapo wanaopiga picha nambari hiyo na kushinda ubishi). Kwa maoni yangu, vipimo vya mchana na usiku vitumike kuyasahihisha makadirio, navyo vichukuliwe Machi, si Julai, kusi ikivuma na kila ua ukiwa mzuri.