Ruzuku ya mafuta: Kenya na Uingereza zinamsaidia nani?

Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ikishatangaza bei mpya za mafuta, makundi yetu ya WhatsApp huku Uingereza huwaka moto. Na lazima atokee mmoja wa kusema, "Huku angalau serikali inajali watu." Inategemea unaangalia wapi.

Nyumba yangu hapa Leeds ina mita ya kulipia kabla, kama tokeni za Kenya. Ila hapa kuna ada ya kila siku, utumie stima usitumie. Safiri mwezi mzima, ukirudi weka pauni kumi: mita inajikatia deni lake kwanza. Kenya ada ya namna hiyo, shilingi 150 kwa mwezi, ilifutwa 2018. Hapo tumewashinda, na wala hatujisifu.

Kwenye kodi ndiko tumeachwa mbali. Uingereza hutoza VAT ya asilimia 5 kwa gesi na umeme wa nyumbani, na asilimia 20 kwa petroli, juu ya ushuru wake. Kwetu, mwaka huohuo wa 2018, mafuta ya taa yalibandikwa tozo ya shilingi 18 kwa lita, kwa kuwa yalikuwa nafuu na wafanyabiashara walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Walikuwa wakichanganya kweli, sibishi. Lakini mwizi ni wa dizeli, na anayelipa ni mama anayenunua nusu lita ya stovu jioni. Akishindwa anarudi kwa makaa, na moshi anaovuta hauandikwi popote kwenye bajeti ya Hazina.

Kisha ikaja ruzuku ya 2021, iliyolipwa kampuni za mafuta ili bei ya pampu isipande. Mwenye Prado akijaza tangi alipata mara nyingi zaidi ya mtu wa bodaboda. Asiye na chombo alingoja chake kwenye nauli (na nauli zetu mnazijua zinavyoshuka). Septemba 2022 Rais Ruto aliondoa ya petroli, akabakiza ya dizeli na mafuta ya taa. Sawa, ila ile tozo ya 18 haikuguswa. Mkono mmoja unatoa, mwingine unachukua.

Majira ya baridi ya 2022-23 Uingereza ililipa kila nyumba pauni 400 kwa mafungu sita. Sisi wa mita za zamani za kulipia kabla tuliletewa vocha, ya kwanza pauni 66, unaipeleka dukani. Aliyezima hita ili abane matumizi hakupunguziwa msaada huo hata senti. Walifidia pia bei ya kila yuniti, na huko mwenye jumba alikula zaidi, hilo tusiwaige.

Kenya tayari inawatumia wazee shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia mpango wa Inua Jamii, kwa hiyo njia ya kumfikishia mtu pesa mkononi ipo. Ruzuku nyingine ikija, ipite huko. Na tozo ya mafuta ya taa ifutwe: EPRA ina alama za kemikali za kunasa mafuta yaliyochakachuliwa, iwasake wachakachuaji kwenye vituo vyao.