Kwa Mkapa hatoki mtu, lakini choo ni cha nani?

Jumapili ya tarehe 25 Mei 2025 mdogo wangu alinipigia simu ya video kutoka Unguja, jasho linamtiririka, jezi nyekundu imemganda mgongoni. Mimi nilikuwa jikoni kwangu Coventry, Uingereza, nakaanga vitunguu. Akasema, "Kaka, nimeingia." Hakutabiri matokeo wala hakunionyesha uwanja. Alisema nimeingia kama mtu aliyevuka mpaka wa nchi.

Ilikuwa fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho, Simba na RS Berkane ya Morocco. Kule kwao tulishalala 2-0. Marudiano yalikuwa yapigwe Dar, kwa Mkapa, yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa, watu elfu sitini wakiimba. CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakasema eneo la kuchezea halifai, mechi ikavushwa bahari hadi Amaan, uwanja unaochukua watu kama elfu kumi na tano. Hesabu ya waliobaki nje fanya mwenyewe.

Mdogo wangu anaendesha bodaboda Tandika. Pikipiki si yake, kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri. Siku ikiwa nzuri anabakiwa na kama elfu kumi mkononi. Kwenda Unguja kulimgharimu siku mbili bila kazi (na hesabu ya tajiri haijui fainali), boti kwenda na kurudi, daladala, chakula, na pa kulala. Tiketi ya mzunguko, yale majukwaa ya bei ya chini, ndiyo iliyokuwa gharama nyepesi kuliko zote. Ndiyo maana kila nikisoma mtu anabishana mtandaoni kwamba bei ya tiketi zetu ni "ya kawaida tu", najua huyo anakwenda uwanjani kwa gari lake, au haendi kabisa.

Niwaambie kwa nini jambo hili linaniuma mimi niliye mbali. Mji ninaoishi una timu iliyowahi kuhamishwa kwake mara mbili.

Coventry City ilikuwa na uwanja wake, Highfield Road, tangu mwaka 1899. Mwaka 2005 wakauacha wakahamia uwanja mpya nje kidogo ya mji, mkubwa, wa viti zaidi ya elfu thelathini na mbili, ila si wao wenye uwanja. Wakawa wapangaji. Timu ikashuka mpaka daraja la tatu, kodi ya pango imebaki ileile ya zaidi ya pauni milioni 1 kwa mwaka, na pesa ya maegesho, ya bia na ya mikate ya nyama inaingia mfuko mwingine. Wenye timu na wenye uwanja wakagombana, na mwaka 2013 timu ikafunga virago kwenda Northampton, kilomita hamsini na kitu kutoka hapa, kwenye kauwanja kanaitwa Sixfields.

Mimi ndiyo kwanza nilikuwa na mwaka mmoja Uingereza, nafanya kazi ghalani usiku, na sikuwa na habari na timu yao. Kazini kulikuwa na mzee mmoja, mwenyeji wa hapa, ambaye hakuwahi kukosa mechi ya nyumbani tangu akiwa mtoto. Nikamwuliza kwa nini haendi Northampton, wakati ni mwendo wa saa moja tu. Akaniangalia kama nimemwambia akasali kwenye dini nyingine. Alisema hanunui tiketi ya mechi ya nyumbani ambayo haichezwi nyumbani. Na hakuwa peke yake. Timu iliyokuwa inaingiza maelfu kumi na zaidi ikawa inacheza mbele ya watu elfu mbili na kitu. Pembeni ya Sixfields kuna kilima, na ukisimama juu yake unaona sehemu ya uwanja. Mashabiki walikuwa wanasafiri kilomita zote hizo, wanapanda kilima, wanaimba, wanarudi nyumbani bila kulipa senti tano. Nilipoambiwa habari ile nilicheka sana, maana nimekulia Temeke, najua watu wanaotazama mpira juu ya mti. Tofauti ni kwamba wa Temeke alipanda mti kwa kukosa hela, na wa Coventry hela anazo mfukoni.

Septemba 2014 timu ikarudi. Mechi ya kwanza na Gillingham, Ijumaa usiku, wakaingia watu 27,306. Nilikuwemo. Nililipa pauni ishirini na kitu, na kwa mshahara wangu wa wakati ule hizo ni saa tatu hadi nne za kubeba maboksi. Sikuona rahisi. Lakini nilipoingia nilikuta kiti chenye namba yangu, na ndani ya namba hiyo hakukuwa na mtu mwingine anayeniambia "kaa popote bwana". Nilikuta choo kina maji. Nilikuta sehemu ya watu wa viti vya magurudumu, wanaona uwanja wote, kila mmoja na mtu wa kumsaidia. Babu yangu aliacha kwenda Uwanja wa Taifa siku miguu ilipokataa ngazi, na hakuna aliyeona ajabu. Tulisema tu amezeeka.

Sasa kabla hamjaniambia nimelewa Uzungu, ngojeni. Waingereza hawakuzaliwa na adabu hiyo ya viwanja. Mwaka 1989 kwenye uwanja wa Hillsborough walibanwa watu kwenye uzio, na jumla ya waliokufa kwa mkasa ule ni 97. Baada ya hapo ikaja ripoti ya Jaji Taylor mwaka 1990, na ndiyo viti, milango na hesabu ya watu vikawa sheria badala ya hisani. Na sisi tumeshaonja. Mei 2023, Yanga ikicheza fainali na USM Alger kwa Mkapa, mtu mmoja alifariki na wengine wakaumia kwenye msongamano wa kuingia. Tulisikitika wiki moja. Wiki ya pili tukarudi kwenye usajili.

Na kuhusu bei, Uingereza wanakamuliwa kweli. Ligi Kuu yao iliwekewa ukomo wa pauni 30 kwa tiketi ya shabiki mgeni baada ya watu kupiga kelele miaka na miaka, na mwenyeji ukomo huo haumhusu, analipa anachoambiwa. Chai ya uwanjani ni maji ya moto yenye rangi, kwa bei inayozidi kilo nzima ya sukari ya Kariakoo. Mayai ya kuchemsha yenye kachumbari na pilipili, yale ya kijana anayepita na ndoo, hakuna. Karanga za kwenye karatasi hakuna. Nyimbo zao nazo, mimi nitasema ukweli, zinaimbwa na watu wenye baridi. Siku ya Simba na Yanga watu wanacheza ngoma kuanzia Keko asubuhi. Hilo sibadilishani na mtu.

Ninachowaonea wivu ni kitu kingine, na kuna kisa kilichonifungua macho.

Mwaka juzi nilikuja likizo, nikampeleka mwanangu wa miaka minane mechi ya ligi, uwanja mmoja wa Dar ambao sitautaja. Dakika ya thelathini mtoto akashikwa. Tukashuka chooni. Maji hakuna, taa hakuna, sakafu huwezi kukanyaga. Nikamfuata kijana mwenye fulana ya usimamizi. Akasema, "Mzee, sisi ni wa timu, choo ni cha uwanja." Nikamtafuta mtu wa uwanja. Naye mpole kabisa: "Leo uwanja wamechukua wao, waulize wao." Mwanangu alijisaidia nyuma ya ukuta, karibu na mama anayeuza maji ya Kandoro. Mama yule akageuza uso kwa heshima, akampa maji ya kunawa bure. Ndiye mtu pekee pale aliyejiona anahusika.

Aliyewahi kupanga nyumba ya Kiswahili analijua jambo hili. Vyumba sita, choo kimoja uani. Mwenye nyumba anasema usafi ni wa wapangaji. Wapangaji wanasema zamu ni ya chumba cha mbele. Wa chumba cha mbele kasafiri. Na kodi inalipwa miezi sita, tena mbele.

Viwanja vyetu viko hivyohivyo. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936. Umri huo ni wa babu, na babu bado amepanga. Uwanja wa Mkapa ni wa Serikali, ulifunguliwa 2007. Ukifungwa kwa ukarabati, vigogo wetu wanabeba mabegi: mara Chamazi kwa Azam, klabu iliyozaliwa juzi na ina kwake, mara KMC Complex pale Mwenge, uwanja wa manispaa. Halafu tunaimba "Kwa Mkapa hatoki mtu". Wimbo mtamu, na mimi ninauimba. Lakini ni wimbo wa mpangaji anayetisha wageni kwenye sebule ya mwenye nyumba.

Kuna watakaosema viongozi wa klabu hawana shida na uwanja, mradi timu inashinda. Mimi nadhani ni zaidi ya hapo. Kupanga kunawafaa. Ukiwa na kwako, shabiki akikosa kiti anakujia wewe. Choo kikiziba, wewe. Ukipanga, kila lawama ina mlango wa nyuma. Tena mapato ya mlangoni yakishakatwa VAT, ya uwanja na ya wengine kwenye foleni, klabu inabaki na fungu lake bila kufikiria hata bomba moja. Coventry waliona upande wa pili wa jambo hilohilo: timu isiyopata hela ya mkate wa nyama haina sababu ya kujali mkate una ladha gani.

Na mpangaji hana hata uhakika wa siku. Machi 8, 2025, dabi ya Simba na Yanga. Watu wametoka Mwanza, Mbeya na Kigoma, wamelala kwenye mabasi. Simba ikasema ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, ikagoma kucheza, Bodi ya Ligi ikaahirisha siku hiyohiyo. Ikaja kuchezwa tarehe 25 Juni. Kabla ya hapo, Mei 2021, saa ya mechi ilisogezwa kutoka jioni kwenda usiku, Yanga wakakataa, watu wako jukwaani tayari wanangoja. Sitaki kesi ya nani alikosea, nyinyi mnaijua kuliko mimi na mmeshaitukania vya kutosha. Ninamwuliza mtu wa Kigoma tu: nauli yake ilirudishwa na nani?

Hapa mtu atasema, basi na sisi tugome kama Coventry. Sidhani. Yule mzee wa ghalani aligoma akiwa na pensheni inayokuja na bustani ya kumwagilia. Mdogo wangu wiki nzima anapigwa jua na trafiki, Simba ndiyo furaha yake aliyobakiwa nayo, nimwambie nayo aigomee? Isitoshe sisi tumezoeshwa kugawanyika. Mwana Simba akilalamikia choo, mwana Yanga anamcheka, kana kwamba yeye ana choo chake.

Ninachotaka ni kidogo, nacho kinawezekana hata timu zikiendelea kupanga miaka ishirini mingine. Pale tiketi inapouzwa, paandikwe siku hiyo nani anahusika na mashabiki, jina la cheo na namba ya simu. Mwenye N-Card, ile kadi ya kulipia tiketi, tayari anajulikana, pesa imepita kwenye mfumo, basi mechi ikiahirishwa pesa irudi njia ileile iliyopita. Milango ifunguliwe yote, si miwili kati ya yote huku watu wanasukumana. Na klabu ikihamishia mechi yake ya nyumbani nje ya mji, igharamie sehemu ya usafiri, hata kama ni boti moja. Viwanja vipya vya AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, vinakuja, nimeona picha, vinang'aa. Na siku Mkapa unafunguliwa mwaka 2007, hata vyoo vyake vilikuwa vinang'aa.

Nirudi Amaan. Mutale wa Simba alifunga mapema, dakika ya kumi na saba, na mimi nikaunguza vitunguu. Kipindi cha pili Kagoma wetu akala kadi nyekundu. Mwishoni kabisa Berkane wakasawazisha, 1-1, kombe likaenda Morocco. Mdogo wangu alilala barazani kwa rafiki yake Michenzani, asubuhi akapanda boti. Nilipomwuliza ametumia shilingi ngapi kwa jumla, akasema hajapiga hesabu na hataki kupiga.

Juzi kanipigia tena. Alikuwa amesikia kwamba Coventry wameununua ule uwanja, nikamwambia ni kweli, Agosti 2025, baada ya miaka ishirini ya kupanga.

"Na vyoo?"

"Vyoo vilikuwa vizuri tangu wamepanga."

Akacheka mpaka abiria wake akamwambia aangalie barabara.