Saa ya Meli, Saa ya Kisiwa na Saa ya Shangazi

Karatasi ilikuwepo. Nianze kwa kukiri hilo, maana shangazi yangu atayasoma haya na atanipigia simu. Kila jioni mhudumu wa meli alikuwa akituwekea kitandani karatasi ya ratiba ya kesho, na ile ya usiku wa kuamkia Sint Maarten, kisiwa cha Karibiani, ilikuwa na mstari mmoja wa herufi nene: abiria wote wafuate saa ya meli. Mimi karatasi ile nilifungia vipande viwili vya keki nilivyovitoa kwenye bufee, nikavitia mkobani.

Shangazi alikuwa amekuja kutoka Tanga kunitembelea Columbus, Ohio. Ilikuwa Desemba, baridi inauma mpaka meno, na mimi nilitaka arudi nyumbani akasimulie kwamba mtoto wa kaka yake amefanikiwa. Nikakata tiketi za meli ya utalii, siku saba, kutoka Miami na kurudi Miami. Bei sitaitaja, ninailipa mpaka leo.

Asubuhi tukatia nanga, tena si nanga, tulifunga gatini kabisa, pamoja na meli nyingine tatu zilizosimama kama maghorofa ya Kariakoo. Sint Maarten ni kisiwa kidogo, kilomita za mraba hazifiki 90, na bado kimegawanywa na mataifa mawili tangu mwaka 1648: kaskazini Wafaransa, kusini Waholanzi, mpakani hakuna hata kamba. Dereva wa teksi alitusimulia hadithi ya wenyeji, kwamba Mfaransa na Mholanzi walipeana migongo wakazunguka kisiwa kwa miguu, mpaka upigwe watakapokutana. Mfaransa alibeba mvinyo. Mholanzi alibeba jini, ikamlevya, akatembea kidogo, akapata sehemu ndogo.

Nikamtafsiria shangazi. Akafikiri, kisha akauliza, "Na wenye kiwanja walikuwa wapi siku hiyo?"

Dereva alicheka mpaka akapunguza mwendo. Bei hakupunguza. Teksi za kule hazina mita, nauli imepangwa kwa eneo na idadi ya abiria, kwa hiyo uliza kabla ya kupanda, na dola za Kimarekani wanazipokea bila shida. Hilo nililifanya vizuri. Katika siku nzima ile, nadhani ndilo peke yake.

Tulikwenda Maho. Ni ufukwe mwembamba uliobanwa kati ya bahari na njia ya kurukia ndege ya uwanja wa Princess Juliana. Ndege zinapotua zinapita juu ya vichwa vya waogeleaji, chini kiasi kwamba unahisi ukinyoosha mkono utagusa matairi. Pembeni kuna baa iliyosimamisha ubao wa kutelezea mawimbini, umeandikwa ndege za siku na saa za kutua. Shangazi alikaa mchangani na dera lake na kanga mabegani, akila kile wanachokiita johnny cake, unga uliokaangwa. "Hili ni andazi," akasema, "ila limekosa iliki."

Ndege zinazotua zilimfurahisha. Kosa langu lilikuwa kumsogeza karibu na uzio ili aone ndege inayoruka. Kuna mabango makubwa pale yanayosema wazi kwamba upepo wa injini unaweza kukujeruhi au kukuua, na si mchezo: mwaka 2017 mtalii mmoja kutoka New Zealand alirushwa na upepo huo akafariki. Haya niliyajua baadaye. Mabango niliyaona, nikadhani ni ya watu wanaoning'inia kwenye uzio. Sisi tulikuwa nyuma, kando, kwa heshima.

Ndege ikageuka, ikatupa mkia. Shangazi akasema, "Mbona hii imetugeuzia mgongo kama mke mwenza?" Kabla sijajibu, injini zikanguruma na dunia ikawa mchanga. Mchanga machoni, mchanga puani, mchanga ndani ya andazi. Nilimkumbatia shangazi, tukaanguka chini pamoja kama magunia. Nilipofungua macho, kanga yake ilikuwa juu ya bahari, imetanuka vizuri, maandishi yanasomeka: POLEPOLE NDIO MWENDO. Ilikuwa inakwenda kasi kuliko kitu chochote nilichokiona siku ile, ukiacha ndege yenyewe.

Shangazi aliitazama mpaka ikazama. "Ile ni doti," akasema taratibu. "Pacha wake yuko Ngamiani kwenye sanduku. Nitamwambia nini?"

Nikatoa simu nipige picha ya kumpoza, ndipo nikaona saa. Saa kumi kasoro dakika ishirini. Mwisho wa kurudi melini ni saa kumi na nusu! Nikamshika mkono. Yeye akatazama saa yake ya mkononi, ile ya kutia ufunguo aliyoachiwa na marehemu mumewe, mpakuzi wa mizigo bandarini Tanga. Saa ile niliirekebisha mwenyewe siku aliyoshuka, ikawa ya Marekani.

"Mwanangu, hii ni saa tisa kasoro dakika ishirini."

"Shangazi, hiyo ya zamani. Simu inapata saa kutoka kwenye mtandao."

"Mtandao wa nani?"

Swali lile lilikuwa na jibu, na lingetuokoa. Simu yangu ilikuwa imekamata mtandao wa kisiwa, na Desemba kisiwa kiko mbele ya Miami kwa saa moja. Meli haikubadilisha. Saa ya shangazi haikubadilika. Aliyebadilika ni mimi.

Tukapanda teksi, nikamwambia dereva akimbize. Akakimbiza mpaka Simpson Bay, tukakuta daraja limefunguliwa. Hilo daraja huinuliwa mara kadhaa kwa siku kupisha mashua za matajiri zinazoingia na kutoka kwenye ziwa la ndani, na magari yote yanasimama kama foleni ya pantoni ya Kigamboni. Mashua moja nyeupe ilipita polepole, juu yake bwana mmoja anakula zabibu. Nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote. Waliokwenda na ziara za meli yenyewe kwa kawaida husubiriwa wakichelewa. Sisi wa teksi hatuna mwenyewe. Nikaanza kuhesabu nauli ya ndege ya kutoka pale. Shangazi akafungua keki.

Tulifika lango la bandari simu ikisema saa kumi na dakika ishirini na tano. Gati la Philipsburg, mji ambako meli ilifunga, ni refu. Nilikimbia nikimvuta shangazi, viatu mkononi, nikipiga kelele "Tunakuja! Tunakuja!" kwa Kiswahili. Watu walitupisha. Mama mmoja alibana mtoto ukutani. Tukafika kwenye ngazi ya meli, mlinzi akatutazama, akatazama saa yake, akauliza kama kuna mgonjwa.

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na tano.

Shangazi hakusema neno, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Alivaa viatu, akajipangusa mchanga, akasema, "Sasa twende tukanunue kanga."

Mlinzi alinionyesha namna ya kuweka simu kwenye saa ya meli, nikaiweka palepale. Kumbuka hapo. Tukapanda boti ndogo ya kuvusha watu mpaka mjini, dakika chache tu, tukaingia Front Street, ambayo ni duka la vito, duka la vito, duka la pombe, duka la vito. Kanga hakuna, lakini kuna vitambaa vya ufukweni vyenye michoro ya kasa. Shangazi alimkalia muuzaji kama yuko Soko la Mgandini. Alitoka, akaitwa, akarudi, akatoka tena. Mimi nikakaa kivulini na soda ya tangawizi. Nikatazama simu: saa kumi na dakika kumi. Nikajiambia, kama mtu aliyekwisha kuelimika: toa saa moja ya kisiwa. Basi ni saa tisa na dakika kumi. Nikaagiza soda ya pili.

Shangazi akaja na kitambaa chake. "Saa ngapi?"

"Saa tisa na robo, Shangazi. Kaa, upumzike."

Akakaa. Akafikiri. "Wewe mtoto. Bandarini ulisema saa tisa na dakika ishirini na tano. Tumevuka bahari, nimenunua kitambaa, na sasa ni saa tisa na robo. Tunarudi ujanani?"

Sikuingoja soda ya pili. Ninachokumbuka ni boti, na nahodha anayesubiri abiria wawili zaidi kama kondakta wa daladala, na mimi namlipia hao wawili wasiokuwepo. Kisha gati lile lile, refu zaidi kuliko mwanzo. Mfanyakazi mmoja wa bandari mwenye kigari cha umeme alimwona shangazi, akasimama, akampandisha. Nafasi ilikuwa moja.

Kwa hiyo meli nzima ilishuhudia hivi: mbele, mama wa Kitanga amekaa wima kwenye kigari, kitambaa cha kasa kinapepea mabegani, anapungia mkono; nyuma, mpwa wake anakimbia peku. Wale walevi wa sitaha ya juu, ambao kila bandari hukaa pale kuwangoja wachelewaji, walishangilia. Shangazi aliwapungia wote, kushoto na kulia, kama rais anakagua gwaride. Saa kumi na dakika thelathini na tatu tulipita ngazi. Mlinzi alikuwa yule yule. Safari hii hakuuliza kama kuna mgonjwa.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa St. Thomas, kisiwa kingine. Nilipapasa simu kitandani sikuiona. Shangazi alikuwa amekwisha kuvaa, amekaa mlangoni na mkoba wake.

"Nimeifungia kwenye sefu," akasema, akiitia ufunguo saa ya marehemu. "Vaa viatu. Vya kufunga."