Tornado ya Enderlin: daraja linapima upepo au kilichosimama njiani?

Usiku wa tarehe 20 Juni 2025 tornado, yaani kimbunga chembamba kinachozunguka kwa kasi kubwa, ilipita karibu na mji mdogo wa Enderlin, katika jimbo la North Dakota nchini Marekani, ikaua watu watatu. Wakaguzi wa Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa walipoifuata njia yake waliipa daraja la EF3, katika kipimo cha EF0 hadi EF5 kinachokadiria upepo kwa kusoma uharibifu ulioachwa. Mwanzoni mwa Oktoba idara hiyohiyo iliipandisha hadi EF5, daraja la juu kabisa, ambalo halikuwa limetolewa nchini humo tangu tornado ya Moore, Oklahoma, ya tarehe 20 Mei 2013. Kilichoipandisha ni treni ya mizigo iliyokuwa relini pale tornado ilipokatiza. Mabehewa 33 yalitoka kwenye reli: 19 yaliyojaa nafaka yalipinduliwa, na 14 ya tangi, yaliyokuwa matupu, yalinyanyuliwa, moja likatupwa umbali wa mita 145 hivi. Wahandisi, wakiwemo watafiti wa tornado wa Chuo Kikuu cha Western cha Canada, walikokotoa upepo unaoweza kulirusha behewa kama hilo, na hesabu ikazidi kilomita 330 kwa saa.

Uamuzi huo, ninavyouona, ulikuwa sahihi. Lakini unaacha swali zito, kwa sababu treni ile ingepita nusu saa kabla, tornado hiyo pengine ingebaki EF3 katika kumbukumbu milele, na upepo wake ungekuwa uleule.

Madaraja haya yalianza na Tetsuya Fujita, mtafiti Mjapani wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyeyachapisha mwaka 1971. Kabla ya kuhamia Marekani alikuwa amekagua Hiroshima na Nagasaki baada ya mabomu ya atomiki, akaona jinsi miti iliyolala inavyoonyesha nguvu iliyoiangusha ilitoka upande gani, na mazoea hayo ya kusoma kilichoanguka aliyahamishia kwenye tornado. Katika kipimo chake cha kwanza, daraja la juu kabisa, F5 (F ya Fujita), lilianzia karibu kilomita 420 kwa saa. Wahandisi walikuja kubaini kwamba nyumba husombwa na upepo mdogo sana kuliko huo, na kwa kazi iliyoongozwa na Chuo Kikuu cha Texas Tech kipimo kikaboreshwa. Tangu tarehe 1 Februari 2007 Marekani inatumia EF, yaani kipimo cha Fujita kilichoboreshwa, ambacho daraja lake la tano huanza upepo unapozidi kilomita 322 kwa saa. Kipimo hicho kina vitu 28 vya kukaguliwa, yakiwemo mabanda ya shambani, nyumba za familia, shule, nguzo za umeme na miti, na kila kimoja kina ngazi zake za uharibifu. Kila ngazi ina kasi inayokadiriwa, pamoja na kima cha chini na cha juu ambavyo mkaguzi anaweza kusogea kati yake kwa kutegemea ubora wa ujenzi. Treni haimo katika orodha hiyo, na ndiyo maana hesabu ya Enderlin ilichukua miezi.

Ugumu wa kazi yenyewe unaonekana vizuri zaidi kwenye nyumba ya kawaida. Mkaguzi anapofika penye nyumba iliyosombwa yote, kilichobaki huwa ni sakafu ya zege. Huchuchumaa ukingoni na kuangalia boliti zilizozamishwa kwenye zege ili kuushika ubao wa chini wa ukuta. Je, zimepinda, au zimesimama wima huku ubao umechomoka tu? Zina nati na washa, yaani vipete vya chuma vinavyokaa chini ya nati? Zimeachana kwa umbali gani, au fundi alipigilia misumari akaondoka? Kisha hutazama kama nyasi zimeng'olewa, kama vichaka vya jirani vimechunwa magome, na kama ukuta uliangushwa na upepo au na gari lililorushwa likaugonga. Kwa nyumba iliyofutika hivyo, mwongozo unatoa makadirio ya kilomita 322 kwa saa, kima cha chini kikiwa takriban 265 na cha juu 354.

Hesabu hiyo inahitaji kutazamwa mara mbili. Makadirio ya nyumba ya kawaida iliyofutika kabisa yanakomea palepale EF4 inapokomea. Ili tornado ifike EF5 kwa ushahidi wa nyumba, nyumba hiyo sharti iwe imejengwa vizuri kuliko kawaida, na kila kasoro ya fundi inaishusha tornado badala ya kumshusha fundi. Vilonia, Arkansas, tarehe 27 Aprili 2014, nyumba zilisombwa hadi msingini, lakini kwenye baadhi ya misingi boliti zilikutwa hazina nati wala washa, na daraja likaishia EF4. Kimantiki mkaguzi hakukosea, kwa kuwa boliti isiyo na nati haithibitishi upepo wa kilomita 330. Hata hivyo haikanushi kwamba upepo huo ulikuwepo. Pengo la miaka 12 bila EF5 lilizua dhana kwamba tornado kali zimepungua. Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya maelezo yake imo katika ukaguzi wa boliti.

Wanaotaka daraja liachwe litegemee uharibifu peke yake wana hoja nzito kuliko wanavyokiri wapinzani wao, wanaotaka upepo uliopimwa kwa rada uhesabiwe pia. Kumbukumbu za tornado za Marekani zinarudi nyuma hadi mwaka 1950, na thamani yake yote iko katika kulinganishika. Nchi hiyo hupata tornado zaidi ya elfu moja katika mwaka wa kawaida, ilhali rada zinazobebwa kwenye malori hufanikiwa kukaribia chache tu, na hizo nyingi ni za mchana, kwenye nyanda tambarare zenye barabara nzuri, ambako watafiti huzisubiri. Tornado ya usiku katika vilima na misitu ya Alabama haina rada ya kuifuata. Rada ikiruhusiwa kupandisha daraja, ramani ya tornado kali itaanza kufanana na ramani ya safari za watafiti. Isitoshe, kipimo kimewekwa kwa upepo wa sekunde tatu katika kimo cha mita 10, na mwale wa rada mara nyingi hupita juu ya hapo, kwa hiyo kilichopimwa angani hakiwezi kuhamishiwa kwenye kuta za nyumba bila hesabu ya kati ambayo wataalamu wenyewe bado wanabishana juu yake.

Upande wa pili una mfano wa El Reno, Oklahoma. Tarehe 31 Mei 2013, siku 11 tu baada ya Moore, tornado iliyofikia upana wa kilomita 4.2, upana mkubwa kuliko wowote uliowahi kurekodiwa, ilipita mashambani magharibi ya Oklahoma City. Rada ya Chuo Kikuu cha Oklahoma ilipima humo upepo uliozidi kilomita 470 kwa saa. Watu wanane walikufa, watatu kati yao wakiwa wa timu moja ya watafiti wa tornado. Kwanza ilipewa EF5 kwa ushahidi wa rada. Mwezi Agosti ikashushwa hadi EF3, kwa sababu katika mashamba yale hapakuwa na jengo lililoharibika kwa kiwango cha kuthibitisha zaidi. Kwa utaratibu uliopo, uamuzi ulikuwa halali. Kwa mtu anayetaka kujua angahewa inaweza kufanya nini, rekodi hiyo inasema jambo ambalo walioiandika walijua si kweli.

Na El Reno si tukio la pekee. Mtafiti wa tornado Joshua Wurman na wenzake walichapisha mwaka 2021 uchambuzi wa tornado 82 zilizopimwa kwa rada za malori, wakakuta kwamba kwa wastani upepo wake ulizidi ule unaoashiriwa na uharibifu kwa daraja moja au moja na nusu, na kwamba takriban tornado moja kati ya tano ilikuwa na upepo wenye uwezo wa kuleta uharibifu wa EF4 au EF5. Tornado hizo ni za eneo moja la nchi na za aina moja ya dhoruba, kwa hiyo haifai kuutandaza uwiano huo kwa tornado zote. Mwelekeo wa kosa, hata hivyo, ni mmoja: daraja la uharibifu hukosea kwa kupunguza.

Tornado ya Joplin, Missouri, iliyoua zaidi ya watu 150 tarehe 22 Mei 2011, inasaidia kuona kwa nini pande hizi mbili hazipingani kama zinavyodhani. Idara ya hali ya hewa iliipa EF5. Timu ya Chama cha Wahandisi wa Ujenzi cha Marekani ikakagua nyumba na kusema zaidi ya asilimia 80 ya uharibifu ilitokana na upepo wa EF2 au chini ya hapo, na kwamba katika nyumba haikuona ushahidi wa EF5, kwa kuwa nyingi zilikuwa dhaifu mno kuweza kuutoa. Matokeo hayo yalipoke­lewa na baadhi kama dharau kwa waliofiwa, ingawa ndani yake mlikuwa na habari njema: kitovu cha tornado ni chembamba, na wengi wako pembeni yake, ambako nyumba iliyofungwa vizuri inaweza kubaki imesimama. Jiji la Moore lililielewa hilo. Mwaka 2014 lilipitisha kanuni za ujenzi zinazotaka nyumba mpya zihimili upepo wa kilomita 217 kwa saa, yaani kilele cha EF2. Ujuzi huo wote ulitoka kwenye boliti na kenchi za paa, si kwenye rada.

Mahali ambapo kipimo cha uharibifu kinanishinda kabisa kukitetea ni penye nyumba za watu maskini. Tornado inayotajwa kuwa iliua watu wengi kuliko zote duniani ilipiga Daulatpur na Saturia nchini Bangladesh tarehe 26 Aprili 1989, na vifo vinakadiriwa kuwa 1,300. Nyumba ya mianzi, udongo na bati huondoka kwa upepo wa EF1 kama inavyoondoka kwa wa EF5, na baada ya hapo hakuna cha kusoma. Nyumba za tope na bati za vijiji vya Afrika Mashariki zingetoa jibu hilohilo la chini. Kanuni isiyoweza kuitambua nguvu ya upepo pale unapoua watu wengi zaidi haistahili kuitwa kipimo cha nguvu bila maelezo ya ziada.

Kwa hiyo sioni haja ya rada kuchukua nafasi ya boliti. Nionavyo, daraja la uharibifu liandikwe jinsi lilivyo, yaani kima cha chini: El Reno iwe "si chini ya EF3", na kando yake iwekwe safu nyingine ya upepo uliopimwa, kimo cha kipimo na chombo kilichotumika. Mlinganisho wa tangu 1950 hautaguswa, na kipimo cha rada hakitafutwa. Kielelezo kipo tayari, kwani idara hiyohiyo hutumia alama ya EFU kwa tornado ambayo haikuacha uharibifu wa kukaguliwa, ikikubali kwamba kukosa ushahidi si sawa na udhaifu. Ni ajabu kwamba unyofu huo unatolewa kwa tornado isiyogusa chochote na kunyimwa ile iliyogusa ghala moja.

Suala hili si la wanatakwimu peke yao. Kiwango cha kitaifa cha ASCE 7-22, cha chama kilekile cha wahandisi kilichokagua Joplin, kiliingiza kwa mara ya kwanza mzigo wa tornado katika usanifu wa shule, hospitali na majengo mengine muhimu, huku nyumba za kawaida zikiachwa nje. Ramani zinazomwambia mhandisi atarajie upepo gani hutegemea kwa kiasi kikubwa kumbukumbu za madaraja, na mhandisi anayesanifu hospitali mashambani, ambako hapajawahi kuwa na kitu cha kubomolewa, anahitaji kujua kama EF3 anayoisoma ni upepo uliopimwa au ni nguvu ya mwisho ambayo ghala la mtu liliweza kuishuhudia.